Na Mke Alisemaje?



Kila nikirudi likizo swali ni lilelile. Safari hii kaniuliza binamu yangu, tena mbele ya watu: "Frateri, Petro si alikuwa na mama mkwe? Mbona nyie hamuoi?" Wakacheka. Nikajibu harakaharaka kwamba useja wa mapadre ni sheria ya Kanisa, si dogma, na hadi leo Makanisa Katoliki ya Mashariki yana mapadre wenye wake. Bibi hakucheka. Akauliza, "Na huyo mke wa Petro alisemaje?"

Jamani, falsafa yote niliyosoma ikayeyuka.

Mwanzoni kumweka wakfu mtu mwenye ndoa halikuwa jambo la ajabu. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unataka askofu awe mume wa mke mmoja. Ugumu ulikuwa baadaye: akishapewa daraja, aishije na mke wake? Kanuni ya 33 ya Elvira, huko Hispania mwanzoni mwa karne ya 4, inawaamuru maaskofu, mapadre na mashemasi wajiepushe na wake zao, wasizae. Mwaka 385 Papa Siricius aliandika kwa msimamo huohuo. Papa Leo Mkuu naye alisisitiza wake wasifukuzwe. Upendo ubaki, ila waishi kama kaka na dada.

Mimi naupenda useja na nataka kuuahidi. Lakini hapa nakwama kidogo. Paulo anasema katika 1 Kor 7 kwamba mume hana mamlaka juu ya mwili wake, mke ndiye anayo; na wasinyimane isipokuwa kwa kupatana. Sasa mume anamtoleaje Mungu kitu ambacho alishakitoa kwa mwingine, bila huyo mwingine kuulizwa?

Aliyeliona hili vizuri ni Synesius, mwanafalsafa, mwanafunzi wa Hypatia wa Aleksandria. Kama mwaka 410 watu wa Ptolemais, katika Libya ya leo, walimtaka awe askofu wao. Akamwandikia kaka yake barua, akijua itasomwa na wengine: mke wake amepewa na Mungu, kwa sheria na kwa mkono wa Patriaki Theophilus mwenyewe. Hatamwacha, wala hataishi naye kwa kujificha kama mzinzi. Anatamani watoto wengi. Yaani aliweka kila kitu mezani kabla ya kuwekewa mikono! Na Theophilus akamweka wakfu.

Mwaka 692 mtaguso wa Trullo uliwaruhusu mapadre wa Mashariki kuendelea na ndoa zao. Kwa askofu, mke alitengana naye kwanza, kwa makubaliano ya wote wawili, akaingia monasteri, na askofu akabaki na wajibu wa kumtunza. Ni kugumu, lakini angalau kuna neno "makubaliano".

Nilimweleza bibi haya jioni. Kilichonichoma ni kitu kingine. Kabla ya kuingia seminari kulikuwa na dada mmoja parokiani. Hatukuwa tumeahidiana lolote kwa maneno, ila wote wawili tulijua. Niliondoka kimya. Aliniona kwenye picha, nimevaa kanzu.

Likizo hii nilimtafuta nikamwomba radhi. Alisema yalishapita, ila alisubiri karibu mwaka mzima.