Vazi la Noeli

Kila Noeli inapokaribia, swali moja huingia katika nyumba nyingi, tangu Litembo na Kigonsera milimani hadi Lituhi na Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa: watoto watavaa nini? Ndiyo majira ya mvua. Fedha ya kahawa imekwisha kupungua, na shamba ladai mbegu na mbolea. Mzazi mmoja hukopa. Mwingine, asiye na pa kukopa, humwacha mtoto nyumbani, asije akachekwa kanisani. Basi twauliza: je, heshima ya mtu imo katika nguo zake?

Huko Ufaransa wako watu waliolijibu swali hilo kwa kuzivua kabisa. Mwaka 1931 matabibu wawili, ndugu Gaston na André Durville, walianzisha kijiji cha Héliopolis katika kisiwa cha Île du Levant. Mwaka 1950 ikafuata kambi ya Montalivet, kando ya bahari ya Atlantiki. Wafuasi wa mwenendo huo hukaa uchi pamoja, wake kwa waume na watoto wao. Kwao Desemba ni majira ya baridi, hivyo apendaye kuiadhimisha sikukuu kwa desturi hiyo hana budi kujifungia ndani, penye moto. Hoja yao mojawapo ni hii: nguo humtukuza tajiri na kumtweza maskini, ziondoeni, na wote watakuwa sawa.

Tusicheke upesi. Watu wa ufukoni mwa Nyasa nao huoga ziwani, wanawake mahali pao na wanaume pao, wala hakuna asemaye kuwa ni dhambi. Mwili ni kazi ya Muumba. Lakini hoja ile ina upungufu. Mwenye dharau, akikosa kanzu ya kuidharau, atadharau kovu, uzee au kilema.

Wala heshima haivalishwi kwa nguvu. Nchi yetu iliyaona hayo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku minisketi na suruali za kubana katika Dar es Salaam, na miaka ileile Wamasai walishurutishwa kuacha mavazi yao na kuvaa suruali. Wasichana walisumbuliwa njiani kwa jina la adabu. Je, mwenye kustahili kuona aibu pale alikuwa nani: aliyevaa nguo fupi, au aliyemvamia?

Ufaransa hiyohiyo yatupatia mwalimu mwingine, Mtakatifu Martin wa Tours. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 4, angali askari kijana, alimkuta maskini asiye na nguo langoni mwa mji wa Amiens, baridi ikiwa kali. Hakumwambia kwamba nguo ni kitu bure. Wala hakuvua yote ili wafanane. Alilikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Baadhi ya waliosimama pale walimcheka kwa kipande kilichombakia, naye hakujali.

Enyi akina baba na akina mama, nguo mpya si kosa. Ni furaha ya sikukuu, na mtoto ana haki ya kuifurahia. Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na deni la Desemba hulipwa kwa njaa ya Februari. Ifueni ile ya zamani, ipigeni pasi, mje naye. Yule tunayemwadhimisha alilazwa horini. Mwenye nguo mbili na ampelekee jirani moja kabla ya siku yenyewe, jioni, pasipo watu kutazama. Na watoto wetu wafundishwe nyumbani, kabla hawajatoka, kwamba kumcheka mwenzao kwa sababu ya kiraka ni uchi mbaya kuliko wa ziwani.