Kwenda Kusoma Ng'ambo, na Watu wa Kurejewa

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa akili ya kutambua na miguu ya kuifuata elimu ilipo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Swali limeletwa mbele ya darsa yetu, nasi tukaahidi kulijibu kwa maandishi, ili kila mtu alisome nyumbani kwake kwa utulivu. Kwani siku lilipozungumzwa barazani sauti zilipanda kupita kadiri. Swali lenyewe ni hili. Yuko kijana Mwislamu wa bonde la Lambwe, kule Homa Bay karibu na ziwa, aliyesoma chuo hapa pwani na kuswali nasi safu moja kwa miaka mitatu. Sasa amepata nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo kusomea maradhi ya mifugo na wadudu wayaletao. Ada amesamehewa, lakini nauli hana, wala chakula cha mwaka wa kwanza hana. Mfuko wetu wa safari za wanafunzi una uwezo wa kumsafirisha mtu mmoja mwaka huu. Wako waliosema apewe. Wako waliosema: huyu ni mtu wa bara, akirejea hatarejea kwetu, na watoto wa mji huu wanaongoja kwenda Madina na Misri, tena anachokwenda kusomea ni nzi, wala si dini.

Nitaanza na hilo la kurejea, kwa kuwa ndilo lililowasha moto.

Katika Suratut Tawba, aya ya 122, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa haiwapasi Waumini kutoka wote kwa pamoja. Yatosha kila jamaa litoke kundi, ili ipatikane fahamu ya dini, na watu wapate kuonywa wenzao watakapokutana nao tena. Wafasiri wamekhitalifiana ni kundi gani lisomalo, liondokalo au libakialo na Mtume (s.a.w.). Lakini katika kauli zote mbili neno moja halibadiliki: elimu ile ina watu wake wa kupelekewa. Na watu hao ni watu wao wenyewe wale wasomao. Aya haikusema watu wa yule aliyetoa nauli, wala watu wa mji wenye bandari. Kijana wa Lambwe akisoma kisha akarejea Lambwe, amerejea pale hasa aya ilipomwelekeza, na sisi tuliomlipia nauli hatukupungukiwa na kitu.

Hapa wengi hupenda kuleta ile kauli mashuhuri ya kuitafuta elimu mpaka Uchina. Nasihi yangu ni kuwa tuiache. Wajuzi wa hadithi wameitia ila, na Ibnul Jawzi ameihesabu katika zile za kuzuliwa. Tunayo yaliyo sahihi, hatuna haja ya kuegemea ukuta mbovu. Jabir bin Abdillah, sahaba wa Mtume (s.a.w.), alipopata khabari kuwa Abdullah bin Unays anayo hadithi moja asiyoisikia yeye, alinunua ngamia akaenda mwendo wa mwezi mzima mpaka Sham. Akabisha mlango, wakakumbatiana, akaisikia hadithi yake. Hadithi moja, ndugu zangu! Na leo mtoto akiambiwa chuo kiko ng'ambo ya kivuko huuliza kama hakuna kilicho karibu.

Bali kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Nabii Musa na yule mja mwema, katika Suratul Kahf. Musa alikuwa Mtume mwenye kitabu, na juu ya hayo alifunga safari mpaka penye makutano ya bahari mbili, akachukua samaki wa chakula chake, akachoka njiani kama achokavyo mtu yeyote, na alipofika aliomba ruhusa kwa adabu awe mwanafunzi. Yote haya twayasoma kila Ijumaa. Lakini tumezingatia alichofundishwa ni nini? Somo la kwanza lilikuwa chombo cha masikini wanaofanya kazi baharini, namna ya kukiokoa asikinyang'anye mfalme. Somo la pili lilikuwa wazazi wawili wema na balaa lililokuwa likiwangoja. Somo la tatu lilikuwa ukuta wa mayatima na mali yao iliyo chini yake. Safari yote ile, na uchovu wote ule, na masomo matatu yakawa ni chombo cha masikini, nyumba ya wazee na ukuta wa mayatima! Hakufundishwa namna ya kumshinda mwenziwe kwa hoja.

Nasema hivi kwa sababu tunao vijana waliokwenda nchi za Kiarabu, nao Mungu awalipe kwa walichokileta, kwani bila ya wao misikiti yetu mingi ingekosa mwalimu. Lakini wako miongoni mwao waliorejea na juzuu nzima ya makosa ya wazee wao, wasirejee na hata waraka mmoja wa dawa. Mimi si mtu wa kutetea bidaa, na wasomaji wa waraka huu wanajua yaliyonipata kwa kuzikataza. Hata hivyo mtu aliyekaa miaka sita ugenini, akarudi asijue kwa nini kisima cha mtaa wake kina chumvi, wala kwa nini wavulana wa uchochoro wake wanavuta unga, huyo safari yake imekatika katikati. Ameondoka, amesoma, kurejea bado.

Sasa tuliangalie bonde lenyewe. Lambwe liko baina ya magenge ya Kanyamwa na milima ya Gwassi, ardhi nzuri yenye majani ya kutosha ng'ombe wengi, na kwa miaka mingi sehemu yake kubwa ilikimbiwa na watu. Sababu ni mdudu mmoja, mbung'o. Huyo ndiye aletaye malale kwa mtu na nagana kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale yaliua watu kwa maelfu katika pwani za ziwa lile, khasa upande wa Uganda. Na katika bonde la Lambwe ugonjwa ulizuka tena katika miaka ya mwanzo ya 1980, hata ndege zikaletwa kunyunyiza dawa. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, ndiyo iitwayo leo Mbuga ya Taifa ya Ruma, makao ya mwisho ya mnyama korongo katika Kenya. Basi mchungaji wa kule hukaa baina ya mbuga asiyoruhusiwa kuingia na mdudu asiyejua mpaka.

Wazee waliosema kijana "anakwenda kusomea nzi" wamesema kweli bila ya kujua ukubwa wa walichokisema. Imam Ghazali katika Ihya alilalamika kuwa miji mingi ya Waislamu ya zama zake haikuwa na tabibu ila wa dini nyingine, na watu wote wamesongamana katika kusoma khitilafu za fiqhi, ambazo mji umekwisha jaa wajuzi wake. Aliuliza, na swali lake lina miaka zaidi ya mia tisa: kwa nini waiache fardhi kifaya isiyokuwa na mtu, wakaikimbilia iliyokwisha kupata watu? Utabibu ni fardhi kifaya. Nani atakayesema kuwa kumkinga mchungaji na ng'ombe wake, ambao ndio ada ya shule ya watoto wake na ndio mahari ya mwanawe, si katika hayo? Ikikosekana kabisa, dhambi yake yatuenea sote.

Wala tusitishwe na kuwa walimu wa kule si wa dini yetu. Mateka wa Badri walikuwa washirikina waliokuja kutuua, na katika sira imepokewa kuwa wale wasiokuwa na mali na wajuao kuandika, Mtume (s.a.w.) alifanya kikomboo chao kiwe kuwafundisha watoto wa Madina. Zayd bin Thabit naye aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza.

Na hili la "mtu wa bara" nalijibu kwa khabari ambayo wengi wa mji huu hawana. Thomas Odhiambo, aliyekuwa mjuzi mkubwa wa wadudu katika Afrika, alizaliwa Mombasa, mwaka 1931. Alisoma Maseno, akaenda Makerere, kisha Cambridge kule Uingereza, akapata shahada ya udaktari katika elimu ya miili ya wadudu mwaka 1965. Angeweza kubaki huko. Alirejea akafundisha Nairobi, na mwaka 1970 akaanzisha ile taasisi ya kimataifa ya elimu ya wadudu ijulikanayo kwa jina la ICIPE, ambayo ilijenga kituo Mbita, kando ya ziwa, mwendo mfupi tu kutoka Lambwe. Watu wa taasisi hiyo waliingia bondeni kuchunguza mbung'o na mitego ya kumnasa. Kutoka kituo hicho hicho ilitoka, katika miaka ya 1990, ile njia ya kupanda mahindi pamoja na mimea inayomfukuza bungua na kulizuia gugu la kiduha, na kuzungusha shamba kwa majani ya kumvuta mdudu aende huko. Odhiambo alikufa mwaka 2003, na kituo cha Mbita kina jina lake. Hakuwa wa dini yetu. Lakini mahindi hayakuuliza. Nasi, ambao mji wetu ndio uliompokea siku aliyozaliwa, twasema watu wa kule si wetu!

Tena leo wanafunzi wa Ulaya na Marekani huja Mbita kusoma. Kwao wao hiyo ndiyo ng'ambo. Huja kujifunza majina ya majani ambayo mtoto wa Lambwe huyakanyaga akichunga. Jambo hili limenifunza kuwa mgeni huona, na mwenyeji huzoea. Na huenda faida kubwa ya kijana kwenda mbali ni kuulizwa huko khabari za kwao, akajikuta hazijui, akaona haya, akarudi akiwa na macho ya mgeni katika nchi yake mwenyewe.

Upande ule wa ziwa wana uzoefu na jambo hili kutushinda. Kisiwa cha Rusinga, kinachotazamana na Mbita, ndicho asili ya Tom Mboya, aliyesoma Ruskin kule Oxford mwaka 1955 na 1956. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja kwenda Marekani kwa juhudi zake yeye na marafiki zake wa huko, na hata kufika 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Wangari Maathai alikuwa katika waliokwenda mwaka 1960. Alisoma elimu ya viumbe, akarejea akapanda miti na wanawake wa vijijini. Wakati huo kwetu pwani wako wazee waliokuwa bado wakibishana kama skuli itamtoa mtoto katika dini, ingawa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikwisha waonya katika Sahifa na al-Islah tangu 1930 na 1932 kuwa Waislamu watabaki nyuma. Mwanawe mwenyewe, Ali, alikuja kusoma Manchester, kisha Columbia, kisha Oxford. Huyo aliishi miaka yake mingi Marekani mpaka kufa kwake 2014, na wako wasemao hakurejea. Mimi nasema vitabu vyake vilirejea kabla ya jeneza lake. Lakini si kila mtu ana kalamu ile, na wa kawaida kama sisi hurejea kwa miguu.

Basi ama hukumu ya mfuko. Zaka isiguswe. Mashafii wamemruhusu masikini anayejishughulisha na elimu ya sheria kuipokea, na katika elimu nyingine pana maneno. Tusiingie penye shaka nasi tunayo njia iliyo wazi. Mfuko wetu ni sadaka, na yule mama, Mungu amrehemu, aliyeuanzisha kwa kuuza bangili zake, alisharti ziwe kwa Mwislamu asafiriye kutafuta elimu yenye manufaa. Hakutaja mji wala kabila, wala hakutaja elimu gani. Sharti la mtoaji hufuatwa kama lilivyo. Atakayeongeza neno "wa pwani" juu ya maneno yake anamwandikia maiti wasia asiouandika.

Mmoja katika wazee amependekeza kijana aapishwe kwa msahafu kuwa atarejea. Silikubali. Kiapo humfunga mtu kwa mambo asiyoyamiliki, kama vita, maradhi na kazi iliyokosekana. Yatosha ahadi mbele ya darsa. Nataka badala yake kuwa kabla ya kuondoka akae miezi miwili kwao, azunguke na wachungaji, aandike maswali yao: ng'ombe hufa miezi gani, mitego iliyowahi kuwekwa ilikwenda wapi, ni dawa gani wanayouziwa sokoni na kwa bei gani. Daftari hilo aende nalo. Kila likizo atuandikie ni maswali mangapi yamepata jibu, nasi barua zake tutazisoma darsani.

Kijana wa mji aliyepata nafasi Madina hajanyimwa; ni wa kwanza katika orodha ya mwaka ujao, nami nimezungumza na baba yake, akaridhika. Naye pia ataambiwa aje na daftari lake la maswali ya mtaa.

Wenye kupinga jibu hili walete hoja zao baada ya magharibi siku ya Alkhamisi, kabla nauli haijalipwa. Wallahu aalam.