Shukrani Baada ya Mwaka Mgumu

Neno shukrani limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kuitambua neema na kumsifu aliyeitoa. Midomoni mwa Waswahili limeongezewa kazi nyingine. Mwenye mgonjwa akiulizwa habari za nyumbani hujibu, "Tunamshukuru Mungu," kisha ndipo aeleze kwamba mgonjwa hajatia kitu tumboni siku ya tatu sasa. Hadanganyi. Adabu inamtaka aanze na Mwenyezi Mungu kabla ya kufika kwenye shida. Swali zito la imani limo humohumo: familia iliyozika, au iliyopoteza ajira, au iliyopanda misimu miwili bila kuvuna, inaposema inashukuru, inashukuru nini?

Kwa Wakristo, ugumu huo umezidishwa kidogo na lugha. Paulo anawaagiza Wathesalonike washukuru, na Kigiriki chake kina kihusishi chenye maana ya "katika": katika kila hali. Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ilitumia "kwa", nacho "kwa" cha Kiswahili ni kipana mno. Mtu hushukuru kwa zawadi, husafiri kwa basi, hulia kwa uchungu. Mama aliyefiwa na mtoto anaweza basi kusikia kwamba anaamriwa kukishukuria kifo chenyewe. Agizo hilo halisemi hivyo. Ni kweli kwamba Waraka kwa Waefeso unatumia maneno mapana zaidi, lakini Biblia hiyohiyo inabeba Zaburi, ambazo takriban thuluthi yake ni maombolezo, na inambeba Habakuki. Nabii huyo kwanza anahesabu hasara: mtini usiochanua, mizabibu mitupu, shamba lisilotoa chakula, zizi lisilo na kundi. Hapunguzi hata moja. Baada ya hesabu hiyo ndipo anapotangaza furaha yake kwa Mungu.

Katika Uislamu, Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliziweka subira na shukrani ndani ya kitabu kimoja cha Ihya Ulumuddin, na mpango huo wenyewe ni fundisho. Alijiuliza waziwazi: ikiwa shukrani ni ya neema, mtu ataushukuriaje msiba? Jibu lake ni kwamba ndani ya kila msiba yamo ya kushukuriwa. Ungeweza kuwa mkubwa zaidi; haukuigusa dini ya mtu; adhabu iliyotangulia duniani ni nyepesi kuliko ya Akhera. Lakini maumivu hayakanushwi, kwa sababu asiyeumia hana anachokisubiria. Nabii Yaakub, ambaye Qurani inamtaja kwa subira njema, alilia kwa ajili ya Yusuf hadi macho yake yakawa meupe. Mtume Muhammad naye alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

Mafundisho hayo kwa kawaida humzungumzia mtu mmoja mbele ya Mola wake. Familia ni jambo jingine, kwa kuwa nyumba moja haiishi mwaka mmoja. Mwaka uleule mama aliomzika ndugu yake, binti alifaulu kidato cha nne. Mwezi ambao baba alipunguzwa kazini ndio aliozaliwa mjukuu wa kwanza. Ikifika Desemba 31, familia ya Kikristo ikitoka kwenye mkesha, au siku ya hitima katika nyumba ya Kiislamu, mkubwa wa nyumba husema kwa niaba ya wote. Nafasi hiyo ni nzito. Akikimbilia kusema kazi ya Mungu haina makosa, mjane aliyeketi pembeni hunyamazishwa, na kijana anayesikiliza hujifunza kwamba imani ni kumeza maneno. Yafaa zaidi aanze kwa kuwataja marehemu kwa majina yao na kulisema lililopotea bila kulipamba, ndipo amwalike kila mmoja aseme lake. Watoto wasirukwe. Wao hukumbuka yaliyowapita wakubwa: kwamba bibi anatembea tena, kwamba mbuzi alizaa pacha.

Shukrani hiyo haiishii mkekani. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inaifunga shukrani ya Mungu pamoja na ya watu, kiasi kwamba anayeiacha ya pili ameiacha na ya kwanza. Mwaka mgumu huwa na shahidi wake: daftari la michango. Humo yamo majina ya waliotoa fedha za hospitali au za mazishi. Waliokesha, waliochota maji na walioazima masufuria hawaandikwi, na hao ndio rahisi kusahaulika. Kuwarudia nyumba kwa nyumba ni kugumu kuliko kutoa sadaka ya shukrani kanisani au kusomesha maulidi, kwa maana kunaitaka familia ikiri mbele ya jirani kwamba ilielemewa.

Hubaki asiyeweza kushukuru mwaka huo. Pengine ni mama mwenye kaburi bichi, pengine ni kijana aliyeomba mwaka mzima asione jibu. Wazee wa dini wenye hekima hawamlazimishi. Rafiki watatu wa Ayubu walipofika kwake waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kunena neno, nao walianza kukosea walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. Mtu huyo huitwa mezani pamoja na wenzake, huwekewa sahani yake, na wengine humsemea dua mpaka sauti yake irudi.