Ng'ombe Wote Boma Moja

Swali lenyewe niliulizwa hapa Ndanai, kando ya barabara, mitungi ya maziwa ikisubiri lori. "Mimi sijalazwa tangu niwe mtu mzima. Sasa kwa nini nimlipie mgonjwa wa Turkana ambaye hata jina lake silijui?" Aliyeuliza si mchoyo. Kwenye michango yetu yeye hutoa kati ya watu wa kwanza, na kuna mwaka aliuza ndama kwa sababu ya mtoto wa jirani. Kwa hivyo hakuwa akiuliza kama tusaidiane au tusisaidiane. Alikuwa akiuliza kuhusu kumsaidia usiyemjua, kwa amri ya sheria, kupitia mkono usiouamini. Hayo ni mambo matatu, na watu wengi wanaoitetea bima ya umma hujibu moja tu kisha wanaondoka.

Mimi naitetea. Naona kila Mkenya anapaswa kuwa ndani ya bima moja ya afya ya umma, alipe kwa kadiri ya uwezo wake, na atibiwe kwa kadiri ya ugonjwa wake. Lakini sitaitetea kwa kujifanya kwamba hii tuliyo nayo ni safi.

Tuanze na kile tunachofanya tayari. Mtu akiugua ugonjwa mkubwa huku kwetu, akitoka hospitali ya karibu akapelekwa Tenwek, au Eldoret, au Nairobi, kamati huundwa usiku huo huo. Mwenyekiti, mweka hazina, kikundi cha WhatsApp, nambari ya M-Pesa. Baada ya wiki mbili kuna hema, viti vya plastiki, mgeni wa heshima anayefika saa nane badala ya saa nne, na mtu mwenye kipaza sauti anayesoma majina na kiasi kilichotolewa. Nimekaa kwenye hema hizo mara nyingi. Nimeona watu wasio na kitu wakitoa. Siwezi kuidharau harambee.

Hata hivyo, ukihudhuria kumi, utaona jambo. Mwalimu akiugua, shule nzima huja, na chama cha akiba na mkopo huja, na wanafunzi wake wa zamani walioko Nairobi hutuma. Mhubiri akiugua, makanisa ya wilaya nzima yanachanga. Kibarua anayechuna majani kwenye shamba la mwenyewe akiugua, wanakuja majirani zake, ambao nao ni vibarua. Uvimbe ni ule ule. Bili ni ile ile. Kinachopimwa kwenye hema si ugonjwa, ni jinsi mtu anavyojulikana.

Halafu kuna aibu, ambayo hatupendi kuitaja. Ili tuchange, lazima tuonyeshwe. Picha ya mzee na mpira puani inazunguka kwenye simu za watu mia tatu. Ugonjwa wa mama, ambao hata dada zake hakuwaambia, unatangazwa kwa kipaza sauti mbele ya wakwe. Na akipona, anadaiwa bila risiti. Atamkatalia nani kura? Atahama vipi kanisa? Pia kuna magonjwa yasiyo na mwisho. Mtu wa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki hahitaji harambee moja. Anahitaji harambee isiyoisha, na kufikia ya nne simu inaanza kuonyesha fulani ametoka kwenye kikundi, fulani naye ametoka. Hawajawa watu wabaya. Wamechoka, na wana karo.

Jirani yangu angesema: sawa, lakini hao ni wetu. Mtu wa Turkana si wetu.

Hapo ndipo nakumbuka kitu ambacho wazee wa Kipsigis walikijua kabla ya neno bima kufika huku. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote boma moja. Aliwagawa, akawapeleka kwa marafiki walioko mbali, mpango ulioitwa kimanagan. Rafiki alikunywa maziwa na kumtunza mnyama, ng'ombe akabaki wa mwenyewe. Sotoka ikiingia bonde moja, au wavamizi wakipiga usiku, mtu hakuamka maskini kabisa. Alikuwa na ng'ombe kwingine. Wapo watakaosema mpango huo ulihusu urafiki na heshima, na ni kweli, lakini hesabu ilikuwamo.

Hesabu yake ni hii: boma la pili lina faida kwa sababu liko mbali. Kokwet yetu, kwa upendo wake wote, ni boma moja. Mvua ya mawe ikipiga majani chai huko juu Kericho na Bomet, inapiga ya wote. Bei ya maziwa ikianguka, imeanguka kwetu sote siku hiyo hiyo, na mwezi huo ndio mtoto wako ataamua kuvunjika mguu. Utaita harambee ya watu waliokauka pamoja nawe. Mtu wa Turkana, ambaye ukame wake na mafuriko yake si yangu, ndiye boma la mbali. Wala si yeye tu anayelipiwa. Mwaka wangu mbaya utafika wakati wake ni wa kawaida, na hapo mimi ndiye mgeni asiyejulikana jina.

Lakini kwenye kimanagan mtu alichagua rafiki. Kweli. Na hapa lazima niseme wazi kwamba bima ya umma inatunyima uchaguzi huo, tena kwa makusudi. Bima ikiachiwa kuchagua, inachagua vizuri sana. Kampuni ya kibinafsi itakuuliza umri, sukari, presha, na ugonjwa wa mama yako. Kogo wa miaka sabini na tano haitaki kumwona, na akikubaliwa ataambiwa bei ambayo ni njia ya adabu ya kumfukuza. Siwalaumu, hiyo ni biashara. Sisi nasi tukiachiwa kuchagua tunafanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili. NHIF, iliyoanza mwaka wa 1966, iliwakata wenye mishahara kila mwezi, lakini wengi wetu tusio na mwajiri tulijiunga tumbo likiwa kubwa au tarehe ya upasuaji ikiwa imepangwa, kisha tukaacha kulipa. Wazima wakikaa nje na wagonjwa wakiingia, mfuko hauwezi kusimama hata ukisimamiwa na malaika.

Kuna walioamini mwajiri atatosha. Mashamba makubwa ya chai yamekuwa na zahanati zao kwa miaka mingi, na mfanyakazi alitibiwa humo. Sawa, mradi ana kazi. Mashine za kuchuna chai zilipoingia, mikono mingi ikawa haihitajiki. Mei 2023 hasira ilifika hadi mashine kuchomwa moto Kericho. Aliyeachishwa alipoteza mshahara, nyumba na dawa kwa pamoja. Afya iliyofungwa kwenye ajira hukatika siku ile hasa mtu anapoanza kuwa dhaifu.

Kwa hivyo nakubali kulazimishwa, na nakubali mwenye nacho alipe zaidi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Oktoba 2024, inamkata mwenye mshahara asilimia 2.75. Wengi walipiga kelele, na kelele kubwa zaidi ilitoka juu. Chini ya NHIF, wa shilingi 100,000 alilipa 1,700, na wa shilingi milioni moja alilipa 1,700 pia. Sasa wa 100,000 analipa 2,750 na wa milioni analipa 27,500. Wa 20,000, aliyekuwa akilipa 750, analipa 550. Sijasikia hoja ya kunishawishi kwamba ile ya zamani ilikuwa ya haki zaidi.

Ila kwetu tusio na mshahara, haki hiyo imepinda. Tunaulizwa maswali: paa lako ni la nini, choo ni cha aina gani, mifugo mingapi, kisha mtambo unakadiria mapato na kusema utalipa ngapi, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Mtambo ukisikia ng'ombe watatu, unaona tajiri. Hauoni kwamba wawili wamekauka na wa tatu ni karo ya muhula ujao. Rwanda, kwenye bima yao ya jamii, kwa miaka mingi walitumia makundi ya ubudehe, ambapo wanakijiji wenyewe walikaa na kusema nani yuko wapi kwa hali ya maisha. Haikukosa ugomvi, maana hakuna anayependa kuwekwa kundi la juu. Lakini jirani anajua ng'ombe aliyekauka. Ningependa kokwet ipewe kazi hiyo, na pia kuwataja wale ambao sheria yenyewe inasema serikali iwalipie kwa sababu hawajiwezi.

Bado sijajibu kuhusu mkono usioaminika, na jirani yangu hataniachilia. NHIF ilifungwa ikiwa imeziachia hospitali madeni ya mabilioni. Mwaka wa 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti kwamba mfumo wa kidijitali wa bima mpya, wa zaidi ya shilingi bilioni 104, si mali ya serikali. Mwaka huo huo wizara ilifunga vituo vilivyodaiwa kudanganya kuhusu wagonjwa. Boma la mbali limeingiwa na wezi, na ni haki mtu kukasirika.

Basi afanye nini mwenye ng'ombe? Alikuwa akienda kuwaona. Aliwajua kwa rangi na pembe, na rafiki akila ndama aliitwa mbele ya wazee. Mimi nataka kila mwezi karatasi ibandikwe kwenye ofisi ya chifu: kila kituo cha hapa kililipwa ngapi, kwa wagonjwa wangapi, wa huduma gani. Kijiji kitagundua wagonjwa hewa haraka kuliko mtambo wowote, kwa sababu tunajua nani alilazwa. Kurudisha ng'ombe wote nyumbani kwa sababu ya mwizi mmoja kunampendeza mwizi wa nyumbani.

Na tukumbuke tunakorudi tukirudi. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya Pumwani baada ya kujifungua, kwa kukosa pesa za bili. Mahakama ikasema haki zao zilivunjwa. Katiba ilikuwepo tangu 2010, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, lakini mama alishikwa kama mbuzi wa dhamana. Haki isiyo na anayeilipia huishia kwenye lango lenye askari.

Mtu wa mitungi ya maziwa alinisikiliza, si kwamba alikubali yote. Alichouliza mwishoni ni kwa nini alipe mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600 hata kwa kiwango cha chini, wakati maziwa yanalipwa kwa mwezi, majani chai kwa mwezi, na bonasi mara moja. Nikamwambia serikali imeleta mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa mchango wa mwaka kisha unalipa kidogo kidogo. "Yaani nikope ili niwe na bima?" Chama cha ushirika kinamkata pesa za chakula cha ng'ombe na za dawa ya kupe kila mwezi, na hajawahi kulalamika. Mia tatu ingepita hapo hapo, kwenye laini ya tatu ya karatasi ile ile, na lori lilikuwa limeshafika.