MWANGA UNAPOUMA
Somo: Marko 8:22-26

Tunawaomba msome kwanza mistari hii mitano pamoja nyumbani, watoto nao wasikie, ndipo mwendelee na ujumbe huu.

Tumechagua somo hili kwa ajili ya wazee wetu waliopasuliwa mtoto wa jicho. Waliporudi tulipiga vigelegele, na ilikuwa haki. Lakini hata juma moja halijaisha, maneno mengine yakaanza kupita kwenye foleni ya maji: huyu mama mbona anajifungia ndani? Mbona anafunika uso kwa kitenge mchana? Wengine wamesema upasuaji umeharibika. Wengine, na hili ni baya zaidi, wamesema imani yake ni ndogo.

Basi tuje Bethsaida. Habari hii inapatikana kwa Marko peke yake. Kipofu analetwa, na Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, mbali na makelele. Anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwamba anaona watu, ila wako kama miti inayotembea. (Alijua mti ulivyo, kwa hiyo yamkini hakuzaliwa kipofu. Alikuwa ameona zamani akapoteza, kama wazee wetu.)

Liangalieni jibu hilo. Mbele ya Mwana wa Mungu angeweza kuona haya akasema, "Naona vizuri, Bwana, asante." Hakusema hivyo. Alisema yale macho yake yaliyoona, nusu nzuri na nusu mbaya. Na Yesu hakumkemea wala hakumwuliza habari za imani yake. Alimwekea mikono tena. Ndipo akaona sawasawa, na neno la Kiyunani lililoandikwa hapo lina maana ya kuona waziwazi hata vitu vilivyo mbali.

Ziko ibada ambazo ushuhuda wa namna hii hauna nafasi. Mama akisimama aseme, "Naona, lakini jua linanichoma," anakatishwa kwa Haleluya, au anaambiwa asikiri vibaya. Anajifunza kunyamaza. Siku ya kurudi kliniki muuguzi anamwuliza, "Hujambo mama, jicho linaendeleaje?" naye anajibu, "Salama tu." Kumbe usiku halali kwa maumivu. Ndugu, uongo wa namna hiyo unaweza kumgharimu mtu jicho, na hauna utukufu wowote kwa Mungu.

Kwa nini mwanga unauma? Ndani ya jicho iko lenzi, nayo kwa mtu mwenye mtoto wa jicho imekuwa na ukungu, mara nyingi ya rangi ya manjano au kahawia. Kwa miaka imekuwa kama pazia chafu dirishani. Daktari ameiondoa na kuweka lenzi bandia iliyo safi. Sasa mwanga wote unaingia kwa mara moja, tena katika jicho lenye kidonda. Siku za kwanza mboni inaweza kuwa bado imepanuka kwa sababu ya dawa. Ndiyo maana bati jipya la jirani linamulika kama moto, taa ya pikipiki usiku inatawanyika, na shuka jeupe linaonekana kama limetiwa buluu ya kufulia. Kwa watu wengi hali hii hupungua siku kwa siku, hata kufikia majuma machache.

Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likizidi kuwa jekundu, likitoa usaha, kuona kukirudi nyuma, au mtu akiona vimulimuli na kivuli kama pazia linaloshuka, apelekwe kliniki siku ile ile. Asingojee Jumapili aombewe kwanza. Aombewe njiani. Na kama baada ya miezi au miaka ukungu unarudi, asikate tamaa: utando ulio nyuma ya lenzi bandia huweza kuingia ukungu, na daktari huufungua kwa mwanga wa leza.

Matone yatumike mpaka siku aliyoandika daktari, hata kama jicho linaonekana limepona. Yasigawiwe kwa jirani mwenye macho mekundu, na maji ya majani yasitiwe kabisa. Jicho lisisuguliwe, wala mzee asikae penye moshi wa jikoni. Jerikani ibebwe na vijana.

Habari ya kofia na miwani ya jua: mtu asione haya kuvaa, hata kanisani. Musa aliposhuka mlimani uso wake ulikuwa uking'aa, watu wakaogopa kumkaribia, naye akajifunika utaji (Kutoka 34). Mungu hakukasirishwa na kitambaa kile.

Iko tena maumivu ya mwanga ambayo hayana matone. Mzee mmoja wetu alivuka mpaka macho yake yakiwa yamekwisha kufunikwa. Alishikwa mkono mpaka kituo cha mapokezi, na nyumba yake hapa aliijua kwa vidole. Bandeji ilipotolewa aliona kwa mara ya kwanza mahali anapoishi: ukuta uliopasuka, turubai lililochanika, mke wake amezeeka. Akaomba kurudishwa ndani. Watu walidhani ni jua tu. Baadaye alieleza kwamba gizani alikuwa bado anakaa kijijini kwao, penye migomba na mto, na siku alipoona, kijiji kile kikaondoka.

Mtu kama huyo msimwambie ashukuru na kunyamaza. Mwacheni alie. Yakobo naye alizeekea ugenini, Misri, macho yake mazito hata hakuwatambua wana wa Yusufu mpaka aliposogezewa karibu. Akawakumbatia, akawabusu, akasema Mungu amemwonyesha hata uzao wa mwana ambaye hakutumaini kumwona tena (Mwanzo 48). Fanyeni hivyo. Jioni jua likipungua ukali, mkalisheni mzee kivulini, mleteeni wajukuu waliozaliwa hapa, mmoja mmoja, azitazame nyuso zao polepole.

Mashemasi wamepanga mabenchi ya upande usioelekea mlango yawe ya waliopasuliwa. Vijana watawasindikiza kliniki asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, na siku ya kurudi kijana aingie pamoja na mzee, ili neno la daktari lisikiwe na masikio mawili zaidi. Katika kila nyumba achaguliwe mmoja anayejua kusoma saa, hata akiwa mtoto wa shule, awe msimamizi wa matone. Anawe mikono kwa sabuni kwanza.