Mbayuwayu Hasahau Kiota Chake

Somo: Yeremia 8:7

Mvua ikaribiapo, miezi ya Oktoba na Novemba, apitaye kando ya mabonde yenye maji hapa Songea, au ufukoni mwa Ziwa Nyasa huko Mbamba Bay, huwaona mbayuwayu wengi wakiruka chini chini juu ya matete. Wengi wao ni wageni. Huko Ulaya baridi imeingia na wadudu wamekwisha, nao wamekuja kula kwetu. Ziwani wadudu wadogo hupanda juu kama moshi. Kwa mbayuwayu hiyo ni karamu.

Ndege huyu uzito wake ni kama gramu 20 tu. Lakini safari yake imeshuhudiwa. Mwezi wa Mei mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivikwa pete mguuni huko Uingereza. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 akapatikana Natal, Afrika ya Kusini.

Basi angalieni jambo hili. Mgeni huyu hukaa kwetu miezi mingi, hula, hubadili manyoya yake. Lakini kiota hajengi huku. Ifikapo Machi na Aprili huondoka, hali mabonde yetu yangali yamejaa maji na chakula. Hafukuzwi na njaa. Kiota chake kiko kule, na wakati umefika.

Nabii Yeremia alimtaja ndege huyu ili kuwaaibisha watu wa Mungu: ndege hushika majira yao, watu hawaijui amri ya Bwana. Aibu hiyo yatugusa. Zamani za Wajerumani na Waingereza wanaume wengi wa Songea walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Mkataba ulipokwisha wengine walirudi, wengine hawakuonekana tena. Mikataba ile imekwisha, lakini kusahau hakujakwisha. Leo mtu huenda Dar es Salaam, na nyuma yake mama analima peke yake, na watoto wauliza baba atarudi lini.

Ewe baba, kutafuta chakula mbali si dhambi. Hata ndege hufanya hivyo. Dhambi ni kukisahau kiota. Wala usiseme, Nimekawia mno, nitarudi kwa uso gani? Yule mwana mpotevu alikuwa angali mbali, baba yake akamwona, akamwendea mbio. Mungu wetu ndivyo alivyo.

Nasi sote tu wageni. Dunia hii hutulisha kwa muda, nasi twamshukuru Mungu. Lakini makao yetu yako kwa Baba, na wakati wa kwenda hatuuchagui sisi.

Waalimu na wazee wa sharika, kila mmoja wenu amjua ndugu aliyepotea njiani. Mwandikieni mwezi huu. Msimwandikie kwa kumlaumu, bali mwambieni kwamba mlango ungali wazi.

Bwana awalinde walio safarini, na awarudishe. Amina.