Dawa ya Nini?

Katika riwaya za ulimwengu wa kufikirika, ua la sumu halijifichi. Huota kwenye kinamasi, jeusi, na msomaji anajua mapema kwamba kuna malkia atakayelitia kwenye kikombe cha mtu. Ua nililokua nalo mimi ni la waridi, lina petali tano, na Shangazi hulipanda mlangoni kwenye makopo ya rangi. Huliita ua la makaburini, maana huko ndiko alikochukua mbegu. Watoto tulichapwa tukilitia mdomoni.

Wataalamu huliita Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Kwenye majani yake kuna vincristine, sumu inayozuia seli kugawanyika. Saratani ni seli zinazogawanyika bila breki, kwa hiyo tangu miaka ya 1960 sumu hiyo imetumika kutibu, hasa watoto wenye saratani ya damu. Ikiingia kwenye mshipa, inatibu. Ikidungwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, inaua.

Shangazi aliletwa Dar kwa saratani ya tezi. Kila siku ya dripu tulivuka na kivuko kutoka Kigamboni, tukashuka Feri kwenye harufu ya samaki, kisha Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani ufukweni mwaka 1897. Siku moja akauliza, "Mwanangu, hii wameitengeneza kwa nini?" Binamu yangu alikuwa ameshanionya: ukimwambia ni lile ua, Mama atakataa. Nikamjibu, "Ni dawa tu, Shangazi."

Nasoma falsafa, shahada ya uzamili. Kant hakuruhusu uongo hata kwa muuaji aliyebisha hodi, lakini mimi sikusema uongo, na hapo ndipo paliponiuma.

Pita Kariakoo usikilize vipaza sauti vya wamachinga: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Hakuna anayenadi sumu. Neno "dawa" halikuambii kitu kina nini ndani. Linakuambia kiko upande wa nani. Ni neno la mwenye nyumba. Panya haulizwi.

Sasa Shangazi alikuwa nani? Alikuwa mwenye nyumba, na alikuwa pia nyumba yenyewe inayopuliziwa. Dripu ya tatu vidole vilishaanza kufa ganzi. Alishindwa kufunga vifungo vya blauzi yake, nikawa namfunga mimi huku anatazama pembeni. Binamu ana hoja, siidharau: anataka mama yake aishi, na ukweli utakaomuua mama ni anasa ya msomi. Lakini vidole si vyake. Wala si vyangu.

Nilimwambia kwenye kivuko, tukirudi. Alinyamaza mpaka injini ilipopunguza mwendo.

"Lile la mlangoni?"

"Lile lile, Shangazi."

"Na mimi niliwachapa bure?"

"Hapana. Ukilitafuna ni sumu kweli."

Akavitazama vidole vyake, akavikunja, akavikunjua. Dripu ya nne alikwenda. Ya tano alisema kwanza anataka kuzungumza na daktari, peke yake, sisi tusubiri nje. Binamu hajazungumza nami tangu siku hiyo. Jioni Shangazi alipiga simu kijijini kuuliza nani anamwagilia makopo.